Kisiwa Nilichokilaani Kabla ya Kukiona

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Myriam alikuwa ameanika nguo za nyumba nzima, zikalowa zote. Msimu umefunguliwa.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imeshasukwa, aliponionyesha simu yake. Tangazo lenye picha ya mtumbwi wa bluu: "Siku moja ku kisiwa cha Musuku. Utamaduni ya bakubwa ba zamani, banyama, na plage. Mama Florentine atabaongoza." Chini yake namba ya simu, na jina la mahali pa kupandia: Kyavinyonge, Ziwa Edward.

Plage. Ufuko wa starehe, wa kuogelea. Nimelisoma neno hilo mara tatu. Kutoka hapa Bulengera, Butembo, barabara ya kaskazini inakwenda Beni, ambako watu wanauawa kwa panga wakiwa mashambani. Ya kusini inakwenda Kayna, alikotoka Myriam, mtoto wa dada yangu, mwezi wa Juni, na watoto wawili na godoro moja kichwani. Wanalala katika chumba changu cha vitabu. Na kati ya barabara hizo mbili kuna mtu anayetuuzia plage.

Msusi aliniomba nitulie amalize. Nilitulia kwa mwili tu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimemaliza barua ya wazi, kurasa tatu. Nimeiita "Pwani Juu ya Makaburi". Katika maisha yangu nimeandika barua arobaini na kitu: dhidi ya wakubwa wa serikali, dhidi ya wauza mbao, dhidi ya padre mmoja aliyenisamehe na mwingine ambaye bado. Hii ni kati ya zilizo bora. Nimeandika kwamba watu wa ziwa wamesahau wafu wao. Nimemaliza hivi: "Nchi inayozika asubuhi haina haki ya kuogelea mchana." Nilipoiandika sentensi hiyo nilisimama nikazunguka meza.

Jumanne, 10 Septemba

Wameisoma redioni, yote. Simu haijanyamaza tangu saa moja. Jirani ametuma ndizi.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua.

Ijumaa, 20 Septemba

Ushindi. Ofisi ya utalii ya Beni imesimamisha safari za Musuku "hadi taarifa nyingine". Nilimsomea Myriam ujumbe huo akiwa anamenya viazi.

"Ni vizuri, mama mudogo," akasema. "Ulisha fika kule ku kisiwa?"

"Hapana."

"Na ku ziwa?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

Nikamwambia mtu halazimiki kunywa sumu ndipo aipinge.

"Sawa," akasema. "Mais sumu yenyewe, ulisikia harufu yake hata kidogo?" Akachukua kiazi kingine.

Nina miaka hamsini na mmoja. Ziwa liko chini ya mlima wa Kyondo, nusu siku kwa moto, pikipiki za huku, kama njia haijaharibika. Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, na kila mwaka ninachora ubaoni mfupa wa Ishango, ule wenye mikato, uliookotwa kando ya ziwa hilohilo ukapelekwa Brussels. Ninawaambia wanafunzi kwamba watu wa hapa walikuwa na akili ya hesabu wakati nchi zinazotufundisha hesabu leo hazikuwa hata na jina. Ninauchora vizuri sana. Udongo ulikotoka sijawahi kuukanyaga.

Hilo sikumwambia Myriam. Alilijua.

Jumatano, 25 Septemba

Ujumbe wa sauti, dakika nne. Nilitegemea matusi. Naandika hapa kama alivyosema:

"Jambo, Mama Thérèse. Ni Florentine wa Kyavinyonge. Barua yako balinisomea mara mbili. Unaandika muzuri, mama. Mimi sikuye kukutukana, nitakuelezea paka kitu moja tu."

Kitu chenyewe ni hiki. Nyuma ya kisiwa kuna ghuba ndogo ya maji mafupi ambamo samaki hutaga mayai. Miaka minne hakuna nyavu zilizoingia humo. Mwaka huu wavuvi walitaka ifunguliwe, kwa sababu kwingine samaki wamepungua. Akina mama wanaouza samaki walikataa. Kamati ya ufuko ikawapa msimu mmoja: waonyeshe hadi tarehe thelathini Novemba kwamba kisiwa kinaweza kulisha watu bila wavu. Wageni ndio walikuwa njia yao.

"Sasa mumetusimamisha," akamaliza. "Kama tunafika ile trente novembre bila bageni, nyavu zitaingia. Na samaki bakiisha mule, hatutakuwa na ziwa tena, tutakuwa na maji. Donc mama, kuya uone. Ukiona na ukingali unasema vile, basi, mimi nitanyamaza."

Alhamisi, 26 Septemba

Nimeusikiliza tena mara sita, nikitafuta mahali anapodanganya.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua na misa. Padre amehubiri juu ya ulimi. Sijui nani kamwambia.

Jumapili, 6 Oktoba, Kyavinyonge

Naandika ya jana na ya leo pamoja, nimekaa juu ya kreti la bia tupu mbele ya nyumba ya Florentine, miguu ikiwa na mchanga bado.

Jana niliondoka Butembo kabla ya mapambazuko, kwa nia mbaya. Lazima iandikwe. Nilikuja kuwakamata. Nilikuwa na daftari jipya na maswali kumi na manne. Kyondo kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma meno. Kwenye barrière askari akaniuliza naenda kufanya nini ziwani, nikamjibu, "Ukaguzi," na akapiga saluti. Halafu njia ikashuka, ikashuka, makoti yakavuliwa, mavi ya tembo barabarani makubwa kama vikapu, na ghafla kwenye kona dereva wa moto akazima injini bila mimi kumwomba. Chini yetu kulikuwa na maji mpaka mwisho wa macho. Nikafuta macho. Nilijiambia kwamba ni vumbi machoni.

Ufukoni walikuwa wanawake wanaokwangua samaki. Nikasikia:

"Ni huyu njo wa radio?"

"Njo yeye."

"Kumbe ni mufupi hivi."

"Ku radio iko murefu."

Florentine alitoka kati yao akifuta mikono kwenye kitenge. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Safari zilikuwa zimesimamishwa, akasema, kwa hiyo leo mimi si mgeni wa kutembezwa, ni mtu aliyekuja kumsalimia. Mwenye mtumbwi, Onésime, alikuwa tayari ndani ya maji hadi magotini, na kofia ya sufu kichwani katika joto lile. Akashika ubavu wa mtumbwi na kuuliza, kama mtu anayeuliza kama umefunga mlango:

"Nani iko na palabre na mwenzake? Aseme sasa, tuiache hapa ku mchanga."

Nilidhani ni mzaha. Florentine akanieleza: hapa hakuna anayepanda mtumbwi mmoja na mtu anayegombana naye. Ugomvi unasemwa ufukoni, unaachwa, ndipo watu wanapanda. Hata mke na mume. Hata askari.

"Mimi sina palabre na mutu," nikasema.

Onésime akamgeukia Florentine.

"Nilikuwa nayo," Florentine akasema. "Niliimaliza ku message."

Tukapanda. Kisiwa kilionekana karibu, mgongo wa kijani na miti iliyojaa ndege weupe. Tulikuwa katikati ya njia nilipofungua daftari. Nilianza na swali la tatu, kwa sababu ndilo lenye meno: nani aliwapa haki ya kuita mahali pa mababu utamaduni wa kuuza? Florentine akasema, "Mama, tutaongea kule." Nikasema tutaongea sasa. Akasema hapana. Na mimi, ambaye katika mikutano ya walimu hunena nikiwa nimesimama, nikanyanyuka nusu na kunyoosha kidole.

 Onésime alitia kasia majini, akalishikilia, na mtumbwi ukageuka taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini.

"Tunaenda wapi?"

"Ku mchanga."

"Na kisiwa si kile pale?"

"Kile kitangoja. Wewe, mama, palabre yako uliificha mu sakosi pamoja na daftari, ukaipandisha. Mutumbwi haibebake ile."

Kisha akaonyesha kwa kidevu. Mbele kidogo ya mahali tulipokuwa, maji yalikuwa na masikio. Nilihesabu viboko saba kisha nikaacha kuhesabu.

"Kiboko anaachaka mutu mwenye kupita," akasema Onésime. "Mutu mwenye kusimama, haachake."

Wanawake wa samaki walituona tukirudi. Hakuna aliyeuliza. Mmoja alisema tu, akiendelea kukwangua, "Balimurudisha," na ufuko mzima ukacheka. Upepo ukaja, mvua ikaja nyuma yake, na siku ikawa imekwisha. Florentine alinipa kitanda chake na kunipikia tilapia na fufu. Hakunihubiria. Ningepata nafuu kama angenihubiria.

Leo asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Onésime akauliza swali lake lilelile, kwa sauti ileile, kana kwamba jana haikuwepo.

"Niko nayo," nikasema.

Basi nikajifunza sehemu ya pili ya desturi, ile ambayo hakuna mtu wa milimani kama mimi angeweza kuibuni: palabre haijibiwi. Kila mmoja anasema yake hadi mwisho, mwingine anasikia, na hapo inabaki.

Nikasema. Nilisema habari za godoro la Myriam. Nilisema kwamba kuna watu wanaolala kwenye mabenchi ya kanisa letu tangu Julai, na kwamba neno plage lilinichoma kama kofi juu ya uso wao. Florentine alisikia kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama mtu anayepokea mzigo.

Kisha akasema yake.

"Uliandika kama batu ba ziwa balisahau bafu babo. Kaka yangu alikuwa na shamba ya kakao ngambo ya Beni. Balimuua mule na wafanyakazi wake. Tulizika kile tulipata. Mama Thérèse, mimi naonyesha batu kisiwa sababu sitaki mu hii inchi kitu ya kuonyesha ikuwe paka makaburi peke yake. Njo ile tu."

Nilikuwa na majibu. Ninayo daima, yanatoka yenyewe kama jasho. Niliyasikia yakipanga mstari kooni, na yote yalikuwa mazuri, na yote yalikuwa ya aibu. Onésime alikuwa anatazama maji. Nikapanda.

Tulipita kati ya viboko bila mtu kupumua kwa nguvu. Walitutazama kama walinzi wa geti wanaomtambua mwenye nyumba.

Namna Florentine anavyoongoza: haelezi kabla hujauliza. Anasimama, anaonyesha kwa kidevu, anangoja. Nilichukua muda kuelewa kwamba ananingoja mimi nione. Furukombe juu ya mti mkavu. Ndege mwari wakishuka majini kama mizigo inayotupwa kutoka lori. Kenge aliyevuka njia bila kuharakisha. Kisha tukafika mahali ambapo mvua za miaka zimekata ukingo wa udongo, na hapo kulikuwa na mkeka umefunikwa juu ya ukuta wa udongo wenyewe, umebanwa kwa mawe. Akauinua.

Makombe ya konokono wa majini, tabaka juu ya tabaka. Mifupa ya samaki. Na kati yake, bado ukiwa umeshikwa na udongo, mfupa wa urefu wa kidole changu, uliochongwa meno upande mmoja: ncha ya mkuki wa kuvulia samaki.

"Hatuondoshake," akasema. "Mugeni anaona, tunafunika."

Nilipiga magoti kwenye matope na gauni langu la Jumapili. Mara ishirini na sita nimechora mfupa ubaoni, na kila mara nilikuwa nachora picha ya picha. Huu haukuwa ule wa Ishango, ulikuwa mtu wa ukoo wake, na haujaenda Brussels. Uko mahali ulipodondoka. Mtu mwenye njaa alikaa hapa. Alikuwa na jiwe kali na subira. Jino la tatu lilimshinda kidogo, limepinda, na hakulitupa, akaendelea na la nne. Nilibaki nalitazama jino lile la tatu mpaka Florentine aliponiuliza kama magoti yangu ni mazima.

Ghuba iko nyuma. Maji yake ni ya uvuguvugu, yanafika pajani. Ukisimama bila kutikisika, samaki wadogo wanakuja miguuni kwa maelfu, kama mvua iliyosahau njia ya kushuka. Humo ndimo nyavu zingeingia.

Na plage. Ni kipande cha mchanga wa kijivu, hakizidi upana wa uwanja wa shule yetu. Nilivua viatu. Niliingia na kitenge hadi kiunoni, mimi, saa sita mchana, katika nchi inayozika asubuhi, na sikuona kwamba nimemwibia maiti yeyote kitu.

Asante, Mungu, kwa mtumbwi uliogeuka.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeandika mistari mitatu na kuifuta. Kushambulia ni kama kuteremka Kyondo. Kurudi juu ni kwa miguu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemaliza. Ukurasa mmoja. Inaanza: "Nilikosea, na nilikosea kwa sauti kubwa." Myriam aliisoma akiwa amesimama. "Iko fupi," akasema. Nikamwambia kukosea hakuhitaji kurasa nyingi. "Hapana, mama mudogo, nasema iko muzuri." Kisha akamwosha mtoto masikio kana kwamba hakusema jambo kubwa. Ni sifa ya kwanza kutoka kwake tangu afike, na nimeiandika hapa isije ikapotea.

Jumanne, 15 Oktoba

Redioni wamesoma nusu ya barua, kisha wakafungua simu kwa wasikilizaji. Mmoja amesema nimenunuliwa kwa tilapia mbili. Ilikuwa moja, na kichwa chake nilimwachia paka.

Nilikasirika hadi chakula cha jioni. Baadaye nikakumbuka ni wangapi nimewaita wamenunuliwa, na kwa ushahidi gani. Nimeanza orodha. Ni ndefu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua siku tatu mfululizo. Florentine anasema ofisi ya Beni haijibu.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimekwenda Beni mwenyewe. Mkuu wa ofisi anaitwa Monsieur Valère, mtu wa Kananga, Kasai, mwaka wa tatu huku. Ana shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata mkate, na dari inayovuja juu ya kabati. Mezani kwake ilikuwa nakala ya barua yangu ya kwanza, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nilimwandaa awe adui. Njiani nzima nilimtungia sentensi. Akasimama, akanivutia kiti kikavu kati ya viwili alivyonavyo.

"Mama Thérèse, barua yako ilinitisha. Nilisema: huyu mama akiandika juu ya bureau yangu, mimi nitarudi Kananga na miguu."

"Nimeandika ya pili."

"Nimeisoma. Sasa ile ya kwanza inasema funga, ya pili inasema fungua. Mimi nifuate Thérèse gani?"

"Ule alifika kule."

Akacheka kidogo, akaacha. "Mimi sijafika."

"Basi kuya."

Aliangalia matone yakianguka kwenye ndoo. Akaniambia taratibu kwamba hajui kuogelea. Kwamba akitia sahihi na mtu akazama, watauliza ni nani yule Mkasai aliyewatuma watu majini. Kwamba watoto wake wako Kananga na mdogo kabisa hatambui sauti yake kwenye simu. Katika barua yangu ningemwita "karani mwoga". Alikuwa mtu mwangalifu aliye mbali na kwao, na hakuna aliyewahi kumshukuru kwa uangalifu huo.

"Hata mimi siogelee," nikamwambia. "Nilishikilia ubavu wa mutumbwi safari nzima."

"Eh. Likambo te, hakuna shida," akasema, na kufungua ajenda yake. "Tarehe tisa."

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Makaburini na Myriam na watoto. Nimeomba kwa ajili ya dada yangu, mama yake Myriam, na kwa ajili ya kaka yake Florentine, ambaye sikumwuliza jina. Nitamwuliza.

Jumatatu, 4 Novemba

Amenijibu. Aliitwa Grady.

Jumamosi, 9 Novemba

Valère alishuka kutoka kwenye moto akiwa na shati lake lilelile na jaketi la kuokoa maisha alilolivaa tangu Kyondo, juu ya mlima, kilomita nyingi mbali na maji. Wanawake wa samaki walinyamaza kwa heshima, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Onésime akauliza. Valère hakusita hata kidogo, wala sauti haikumtetemeka, kama mtu ambaye miaka mitatu alikuwa anangoja kuulizwa.

"Niko nayo, na Mama Thérèse. Barua yake imenifundisha kuogopa makaratasi kuliko viboko. Na hakuniomba pole."

Palabre haijibiwi. Niliuma ulimi, nikapanda nyuma yake, na njia nzima nilitazama kamba za jaketi lake. Kisiwani, alipokuwa amechuchumaa mbele ya mfupa, mkeka umeinuliwa, nikamwambia pole. Huko ni nchi kavu, inaruhusiwa.

"Likambo te," akasema bila kugeuka. "Angalia ile jino ya tatu."

Jumatatu, 11 Novemba

Karatasi imetoka Beni, yenye muhuri na masharti manne: jaketi kwa kila mtu, si zaidi ya watu kumi na wawili, hakuna safari upepo ukivuma, na "utaratibu wa ufukoni kabla ya kupanda udumishwe". Valère amemweka mzee Onésime kwenye sheria. Zimebaki siku kumi na tisa.

Jumamosi, 16 Novemba

Kwaya ya Kalunguta, watu kumi na mmoja. Kulikuwa na palabre mbili za sauti ya kwanza dhidi ya sauti ya pili. Florentine anasema zilichukua saa nzima na walipofika kisiwani waliimba vizuri kuliko kanisani.

Alhamisi, 21 Novemba

Udongo umeporomoka chini ya Kyondo. Moto hazipiti. Jumamosi ilikuwa ya wauguzi wa Butembo, na Myriam, muuguzi tangu Kayna, ni mmoja wao. Nimemwambia aahirishe. "Miguu yangu ilitoka Kayna, mama mudogo," akasema. "Kyondo ni nini?"

Jumamosi, 23 Novemba

Tulitembea kutoka mahali palipoporomoka, kwa muda wa saa nne, wauguzi tisa, watoto wawili wa Myriam migongoni kwa zamu, mvua ikitupiga upande mmoja kisha mwingine. Nilijua kwamba tukirudi njiani, Lusenge, mkuu wa wavuvi anayetaka nyavu, atasema: mnaona, msimu wa mvua hakuna wageni. Nilijua pia kwamba nina hamsini na mmoja. Saa saba mawingu yakafunguka kama pazia, na Onésime akatupokea bila kututazama sana, akauliza swali lake. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya ugomvi.

Kisiwani Myriam aliona ndege, aliona mfupa, alisema "Eh" mara mbili. Tulipofika mchangani alikaa, akaweka kichwa juu ya mfuko wake, akalala.

Tangu Juni namsikia nyumbani mwangu. Anaamka kila mlango unapogongwa, kila moto inapopita, kila mbwa anapobweka. Sijawahi kumwona amelala mchana. Watoto wake walikuwa wanacheza majini na kupiga kelele, ndege wanapiga kelele, na yeye amelala mdomo wazi, mchanga shavuni. Florentine alitazama jua. Muda wa kurudi ulikuwa umefika. Akatazama jua tena, akakaa chini. Wauguzi wakakaa. Onésime akavua kofia yake ya sufu, mara ya kwanza kumwona kichwa, na kuitandika usoni kwa Myriam kumkinga na mwanga.

Tuliondoka saa kumi na moja. Aliuliza kwa nini hatukumwamsha. Onésime akavaa tena kofia yake.

Jumanne, 26 Novemba

Nimeandika hotuba ya kamati ya ufuko. Kurasa nne. Ina hoja ya sayansi, hoja ya historia na hoja ya haki. Lusenge nitammaliza kwenye ukurasa wa tatu.

Jumamosi, 30 Novemba, Kyavinyonge

Kamati ilikaa asubuhi chini ya turubai, wavuvi upande mmoja, wanawake upande mwingine. Nilikuwa na kurasa zangu kwenye mfuko wa plastiki. Florentine alieleza kwa dakika mbili: waliofika, waliokula, waliorudi salama. Akakaa. Mwenyekiti akamgeukia Lusenge.

Ni mtu mkubwa, mikono imechanwa na kamba za miaka. Alisimama akajikuna shingo.

"Mimi nilitaka nyavu," akasema. "Ningali nataka. Ile ghuba imejaa samaki, naziona, si kipofu. Mais bibi yangu njo anapikiaka bale bageni." Mtu akaguna kwa kicheko. "Munacheka. Tangu ile karatasi ya Beni ilitoka, batoto bangu banakula mara mbili, na mimi sijatupa wavu ya zaidi. Jana nilimwambia: kesho nitaomba ghuba ifunguliwe. Akaniambia: omba, na jioni upikiwe na ghuba."

Turubai nzima ikaanguka kwa kicheko. Lusenge alingoja hadi kiishe.

"Mwaka moja tena," akasema. "Kisha tutaonana." Akakaa.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye kupinga. Akauliza kama kuna mwenye kuongeza. Florentine akaniangalia, alijua nina kurasa. Kila mtu alijua. Nikatikisa kichwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walinyanyuka wakaenda kwenye kazi zao, kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na walimu kumi wa Butembo walikuwa wameshafika wanangoja pembeni na jaketi zao. Nilitaka kumkumbatia Florentine na kumwambia mambo mengi. Alinipita haraka kuelekea majini, akageuka, akanipa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa ukingoni na kufungwa kamba.

"Mvua imejaza mutumbwi, mama. Saidia kidogo."

Nikakunja kitenge, nikaingia, nikachota mpaka mbao za chini zikaonekana.